Tangi dogo la matumbawe kwa anayeanza: yaliyomo sandukuni na kile cha kubadilisha

Karibuni, watazamaji. Leo ninachambua tangi la maji chumvi la lita 75, la aina ile inayouzwa ikiwa kamili, yaani pamoja na taa, pampu, hita na vyumba vitatu vya kuchujia vilivyojificha nyuma ya kioo cheusi. Nimelitumia kwa miezi minane, na tangi lenyewe nimelipenda. Kipimo cha chumvi kilichokuja nalo ndicho nisichokiamini tena.

Kipimo hicho ni haidromita ya plastiki yenye mshale unaoelea. Tazameni hapa kwa karibu: viputo viwili vya hewa vimeng'ang'ania mshale na kuuinua, nao unasoma 1.025 (yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), kiwango kinachoyafaa matumbawe. Nikidondosha maji hayohayo kwenye refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya tone la maji, ninasoma 1.021. Kwa wiki tatu niliilaumu taa kila nilipoona matumbawe laini yamejikunyata, kumbe maji ndiyo yaliyopungukiwa na chumvi. Nunueni refraktomita, kisha muirekebishe kwa myeyusho wenye chumvi sehemu 35 kwa 1,000, kwa sababu ikirekebishwa kwa maji yasiyo na chumvi pekee inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kukosea palepale mnapohitaji kusoma.

Udogo wa tangi nao una gharama yake. Maji yanapovukiza, chumvi hubaki; ukishaweka mawe na mchanga hubaki takriban lita 60 za maji, na lita 2 zikipotea, chumvi hupanda kutoka sehemu 35 kwa 1,000 hadi zaidi ya 36. Upungufu huo hauonekani mbele, bali katika chumba cha pampu, ambako maji hushuka hadi pampu ikaanza kuvuta hewa na kukoroma usiku kucha. Mimi nimebandika utepe kwenye kioo cha chumba hicho, na kila asubuhi ninajaza hadi alama kwa maji matamu yaliyosafishwa, wala si kwa maji ya chumvi.

Taa inatosha kwa matumbawe laini, lakini msiitegemee kwa Acropora, matumbawe magumu yanayohitaji mwanga mkali. Hita ni nzuri, ingawa ningeweka kipimajoto cha pembeni ili kuhakikisha nyuzi 25.

Nisichokubaliana nacho kabisa ni kijitabu cha maelekezo kinachoruhusu samaki kuingizwa baada ya siku mbili. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, kwa kawaida huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga katika mawe makavu, kwa hiyo subirini hadi amonia na nitriti zote zisome sifuri. Utando wa kahawia utakaofunika mchanga baada ya hapo aghalabu ni diatomu, yaani mwani mdogo sana, nao hupungua wenyewe; msiununulie dawa yoyote yenye shaba, kwa maana shaba huua konokono, kamba na matumbawe yenyewe.