Nilinunua picha ya kale ya pwani ya Uingereza: geuza nyuma kwanza

Miezi minane sasa ninaishi nayo hapa Norwich. Ni picha ndogo ya rangi za mafuta, sentimita 30 kwa 40 hivi, haina saini. Mashua ya uvuvi imevutwa mchangani, wanawake wawili wameinamia vikapu, na wingu zito limeshuka karibu kugusa maji. Nililipa paundi 420 kwa muuzaji wa vitu vya kale, ikaja kwa posta ikiwa imefungwa vizuri.

Kilichonishawishi ni upande wa nyuma. Kabari za mbao za kukazia kitambaa bado zipo kwenye pembe za fremu ya ndani, na kwenye turubai, yaani kitambaa kilichochorwa, kuna muhuri wa ushuru uliofifia. Serikali ya Uingereza ilitoza ushuru turubai za wachoraji hadi 1831, kwa hiyo kitambaa hiki ni cha kabla ya hapo, enzi za wachoraji wa Kiingereza kina Turner na Constable; huyu wa pili alichora sana ufuo wa Brighton, mji wa pwani ya kusini. Muhuri unataja umri wa kitambaa tu. Mchoraji angeweza kukiweka miaka kadhaa kabla ya kukitumia. Hata hivyo ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Sogea karibu uone povu la mawimbi: rangi nyeupe imepakwa nene hadi imevimba, na mikwaruzo ya brashi bado inaonekana. Tanga ni jekundu kama kutu, dogo kuliko ukucha wangu. Hapo ndipo nilipoipenda kabisa.

Lakini niliambiwa haijawahi kuguswa, na haikuwa kweli. Fundi wa picha alizima taa, akamulika miale ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho. Vanishi ya zamani, ule utando angavu unaopakwa juu ya rangi, iling'aa kijani hafifu, ila angani upande wa kulia likatokea doa jeusi la ukubwa wa kiganja: mtu alipaka upya baadaye. Iliniuma sana. Baada ya barua pepe tatu nikarudishiwa paundi 60, bila hata neno la samahani.

Kusafisha kulinigharimu paundi 250 na wiki tano za kusubiri. Anga iliyokuwa rangi ya chai sasa ni kijivu chenye buluu, na nyuma ya mashua imejitokeza meli ambayo sikuwahi kuiona.

Ukitaka kununua, omba picha za nyuma, pembe zote nne, kabla ya kutoa hela. Na usiitundike juu ya hita. Yangu nimeihamishia ukuta wa pili.