Kalibu ya chuma ya kusubia chubwi: ya zamani, nzito, na bado naipendekeza

Anayevua kwa mshipi penye miamba anajua kuwa chubwi, vile vizito vya madini ya risasi vinavyozamisha ndoana, hazidumu. Unarusha, inajipenyeza kwenye mwanya wa jiwe, unavuta huku na huku, mwishowe unakata kamba na kufunga nyingine. Kwa mvuvi wa aina hiyo, kusubu chubwi mwenyewe, yaani kuyeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu ipate umbo, ni sehemu ya uvuvi, na kifaa ninachokitegemea ni kalibu ya mkono ya mtindo wa zamani: vipande viwili vya chuma vinavyofumba na kufumbua kama koleo, bawaba mbele, mikono miwili mirefu nyuma. Ina matundu matatu ya umbo la peasi, yaliyochongwa alama za gramu 20, 40 na 60.

Sifa yake ya kwanza ni uzito. Chuma kinachelewa kupata moto, lakini kikishaupata hakiuachi upesi. Zipo kalibu za alumini, nazo nimezitumia: ni nyepesi, hazishiki kutu, na zinakuwa tayari mapema. Ila ukisimama kidogo kuondoa taka juu ya risasi, zimeshapoa, na kingo zake ni laini mno, ukizibamiza zinabonyea. Hii ya chuma inavumilia. Ikishafika kwenye joto lake unaweza kumimina mfululizo na chubwi zikatoka za sura moja, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Na joto lenyewe huhitaji kipimo kulijua, chubwi zinakuambia. Za mwanzo zitatoka na makunyanzi, kingo hazijajaa. Hiyo ni kalibu baridi. Zirudishe kwenye chungu bila kunung'unika. Baadaye zinaanza kutoka laini, zinang'aa. Zikianza kufubaa na kuwa na uso kama wa unga mweupe, kalibu imepitiliza, ipumzishe. Wanaoanza wengi wanadhani tatizo ni risasi, wanaongeza moto chini ya chungu, na kumbe kilichohitaji joto ni kalibu. Risasi huyeyuka nyuzi 327 tu za selisiasi. Ukiona imekuwa maji na inapita kwenye mdomo wa upawa bila kusuasua, inatosha.

Sehemu ninayoipenda ni ile ya kusubiri. Ukimimina, usiishie usawa wa tundu. Acha kidimbwi kidogo juu ya mdomo, kisha kitazame. Kitametameta kwa muda, halafu katikati kitadidimia taratibu, na ghafla uso wote utageuka wa kijivu. Kule kudidimia ni chubwi inanyonya risasi kutoka juu, kwa sababu risasi ikiganda hupungua ujazo, kama asilimia 3 hadi 4. Ukimimina kwa ubahili, inachonyonya ni hewa, na unapata chubwi yenye shimo ndani. Kwa nje huwezi kuliona, ila mizani italiona. Kalibu hii ina mdomo mpana uliochongwa kama faneli, unabeba kidimbwi cha kutosha. Kalibu nyingi za bei rahisi zina mdomo mwembamba, na hapo ndipo zinapoharibu kazi.

Sasa kasoro zake. Mikono ni chuma kitupu. Ukishafanya kazi kwa muda, moto unapanda hadi viganjani, na glavu za kawaida hazisaidii. Utahitaji za ngozi nene, ndefu zinazofika juu ya kifundo. Aliyeibuni angeiwekea vipini vya mbao asingepungukiwa na kitu. Kisu cha kukatia mkia wa risasi iliyogandia mdomoni nacho kinalegea pini yake, na kikilegea hakikati tena, kinararua, kikiacha chubwi na kovu kichwani. Kaza pini kabla ya kuwasha moto. Kasoro ya tatu iko kwenye tundu la gramu 60: mifereji ya kutolea hewa ni mifupi mno, hewa inanasa kwenye kona. Dawa yake ni masizi ya mshumaa. Pitisha mwali ndani ya matundu mpaka yapate weusi mwembamba, risasi itajaa vizuri na chubwi itaachia kwa kugongwa kidogo tu kwenye bawaba. Gonga kwa kipande cha mbao, kamwe usitumie nyundo.

Kuhusu uzito ulioandikwa, uamini ukitumia risasi safi, ile laini inayokwaruzika kwa ukucha, kama ya mabomba ya zamani. Ukitumia vipande vya balansi za magurudumu, chubwi itapungua kidogo kwa sababu vina antimoni, madini mengine yaliyo mepesi kuliko risasi. Kwa uvuvi haidhuru. Kinachodhuru ni kwamba siku hizi vipande vingi vya balansi ni vya zinki au chuma. Zinki huyeyuka nyuzi 419, kwa hiyo ukiudhibiti moto itaelea pamoja na chuma, utaichota na kuitupa. Ukiiacha ikayeyuka, chungu kizima kinakuwa uji mzito usiojaza kalibu. Betri za gari usiziguse kabisa. Zina tindikali, na taka zake zinaweza kutoa gesi za sumu.

Kwa kuwa ni chuma, kalibu hii huhifadhiwa na mafuta, na hapo kuna jambo la kuchunga. Futa mafuta yote, kisha ipashe moto pole pole mpaka unyevu wote ukauke kabla tone la kwanza halijaingia. Tone la maji likifunikwa na risasi ya moto hugeuka mvuke unaotanuka zaidi ya mara 1,600, na risasi inaruka usoni. Miwani ya kazi, viatu vilivyofunika mguu mzima, na mahali pasiponyeshewa. Fanya kazi nje penye upepo, mbali na watoto, na chungu cha risasi kisirudi jikoni milele. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Tundu la gramu 20 huenda lisikufae kulingana na mahali unapovua. Uingereza, kwa mfano, ilipiga marufuku chubwi nyingi za risasi za chini ya gramu 28.35 mwaka 1987, baada ya ndege wa majini kufa kwa kuzimeza pamoja na changarawe. Naona walifanya vyema. Mimi mwenyewe tundu hilo silitumii. Kwa uzito mdogo natumia chubwi za bati au za chuma.

Ukibahatika kuikuta iliyotumika, ifumbe na uinyanyue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kati ya vipande viwili, risasi nayo itapenya, na kila chubwi itatoka na ukingo mwembamba wa kupigwa tupa. Chezesha bawaba: ikiyumba kushoto na kulia, iache. Kutu ya nje isikutishe, inatoka kwa brashi ya waya na mafuta. Kutu ya ndani ya matundu ni habari nyingine, maana kila kishimo kinaishika chubwi isitoke, na ukikisugua unalipanua tundu lenyewe.