Kisima ni cha nani? DuckDuckGo, Brave Search na Jitsi Meet kwa mtumiaji wa Kiswahili

Injini yoyote mpya ya kutafuta iulizwe kwanza inachota kwenye kisima cha nani. Kisima hapa ni faharasa, ile ghala ya kurasa ambazo roboti (programu inayojiendesha yenyewe) imekwisha kuzisoma na kuzipanga kabla wewe hujaandika neno lolote. Kuichimba ni gharama kubwa mno, ndiyo maana injini nyingi zinazotangazwa kwa mbwembwe ni ndoo zenye rangi tofauti tu, na kamba inashuka kulekule kwa Bing ya Microsoft au kwa Google.

DuckDuckGo ni ndoo nzuri. Ilianzishwa na Gabriel Weinberg mwaka 2008 huko Pennsylvania, Marekani, na ina roboti yake iitwayo DuckDuckBot, ila viungo vyake vya kawaida na picha hutoka zaidi Bing. Tarehe 23 Mei 2024 Bing ilipozimika, DuckDuckGo ilizimika nayo, na Ecosia pia, injini nyingine inayochota hapohapo. Brave Search ni mdogo wake kwa umri: ilifunguliwa kama toleo la majaribio Juni 2021, baada ya Brave, kampuni ya Brendan Eich (yuleyule aliyebuni JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za wavuti, mwaka 1995) kununua Tailcat, mradi wa wahandisi waliotoka Cliqz, kampuni ya Ujerumani. Mwanzoni sehemu ndogo ya majibu yake ilichotwa Bing. Aprili 2023 wakatangaza kwamba kamba hiyo imekatwa.

Kwa anayetafuta kwa Kiingereza, tofauti kati ya hizi mbili ni ndogo. Kwa anayetafuta kwa Kiswahili ni kubwa. Faharasa ya Brave hukua kwa sehemu kupitia watumiaji wa kivinjari cha Brave waliokubali kuchangia, bila majina, taarifa za kurasa wanazotembelea. Lugha yenye wachangiaji wachache na kurasa chache inabaki na kisima kifupi. Kwa hiyo ukitafuta jambo la kawaida la Kiswahili, anza na DuckDuckGo inayochota Bing. Brave inakufaa zaidi kwa mambo ya kompyuta, programu na bidhaa za nje. Ukiwa na kivinjari cha Brave, kwenye mipangilio ya utafutaji kuna chaguo la kuongezea majibu ya Google pale faharasa yao inapopwaya. Huwa limezimwa, na wanaotafuta kwa Kiswahili wana kila sababu ya kuliwasha, mradi wajue kwamba swali lao linafika Google, japo bila akaunti.

Hata kisima kirefu hakikusaidii kama unateremsha ndoo vibaya. Kiswahili kinabadilisha neno mbele na nyuma: kusajili, usajili, nimesajili, kusajiliwa. Injini zilizozoea Kiingereza huona hayo kama maneno manne yasiyo na undugu. Ukiandika "nasajilije kampuni yangu" utaletewa mijadala ya watu walioandika vilevile. Ukiandika "usajili wa kampuni" unakutana na lugha ya ofisi yenyewe, kwa sababu nyaraka za serikali hupewa vichwa vya nomino. Kisha funga mipaka:

"leseni ya biashara" site:go.tz filetype:pdf

Alama za nukuu zinashika maneno kwa mpangilio wake, site: inabakiza tovuti za serikali ya Tanzania pekee (Kenya ni go.ke), na filetype: inaleta mafaili tu, si kurasa za matangazo. Usiache nafasi baada ya nukta mbili, ukiandika "site: go.tz" umeharibu. Ukikosa, rudia swali lilelile kwa Kiingereza, maana nyaraka nyingi rasmi zimeandikwa kwa lugha hiyo.

Kuna mtego mmoja wa DuckDuckGo ambao wengi hawaujui. Alama ya kutoa haiondoi neno, inalipunguza tu. Chukua "bei ya mbuzi". Injini haina namna ya kujua unataka mnyama au kile kigoda cha kukunia nazi. Ukiongeza -nyama, kurasa za nyama zitapungua lakini baadhi zitabaki. Dawa ni kuongeza neno badala ya kutoa: "mbuzi ya kukunia nazi" inamaliza ubishi. Nukuu nazo zina ulegevu wake. Majibu yakiwa machache mno, DuckDuckGo huchanganya yanayofanana bila kukuomba ruhusa, kwa hiyo ukiona ukurasa usio na maneno yako, hujakosea kuandika.

Mambo ya karibu, kama duka la vipuri au kituo cha afya cha kata, ndipo zote mbili zinapochechemea. DuckDuckGo hutumia ramani za Apple tangu 2019, na mitaa yetu mingi haimo kwa undani. Andika jina la mji na mtaa ndani ya swali, au tumia njia ya mkato: !osm na jina la mahali, na unapelekwa moja kwa moja OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Njia hizi za alama ya mshangao ndizo sababu kubwa ya baadhi yetu kubaki DuckDuckGo. !yt inakupeleka YouTube, !w Wikipedia, !g Google. Ziko maelfu, na Brave nayo inazikubali. Angalizo: ukishabonyeza umetoka nyumbani kwao, na ulinzi wao umeishia mlangoni. Pia !w hukupeleka Wikipedia ya Kiingereza. Ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 80,000, ifikie kwa site:sw.wikipedia.org.

Mwenye simu ya zamani au bando la kuhesabu asipitwe na lite.duckduckgo.com/lite. Ni ukurasa mkavu, hauna picha wala JavaScript, na unafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Haupendezi machoni, lakini kwa kazi ya kutafuta tu ndio bora kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Uweke kwenye alamisho, kwa sababu ukurasa mkuu haukuelekezi huko.

Kuibadilisha Chrome ya Android itumie Brave Search kuna hatua inayokwamisha watu: wanafungua mipangilio, hawaioni kwenye orodha, wanakata tamaa. Fungua kwanza search.brave.com, tafuta neno lolote, kisha rudi kwenye nukta tatu, Mipangilio, sehemu ya injini ya kutafuta. Sasa itaonekana chini, kati ya zilizotembelewa karibuni. Kwa DuckDuckGo, kumbuka kwamba mipangilio yako hukaa kwenye vidakuzi vya kivinjari (cookies, vijifaili vyake vya kumbukumbu) kwa kuwa hakuna akaunti. Ukifuta vidakuzi, mandhari, lugha na kiwango cha uchujaji vyote vinarudi vilivyokuwa. Watu hudhani ni hitilafu.

Zote mbili sasa zinaweka jibu la akili bandia juu ya viungo. Kwa maana ya neno au kanuni ya hesabu, halina neno. Kwa ada, tarehe za mwisho na masharti ya fomu, usiliamini hata kidogo: linaunganisha kurasa za miaka tofauti na kukupa bei ya zamani kwa sauti ya uhakika. Bonyeza chanzo, tazama tarehe ya waraka. Kwenye mipangilio ya kila moja unaweza kulizima kabisa, na kwa anayetafuta nyaraka za Kiswahili kulizima hakumpotezei kitu.

Kuhusu faragha, maneno yasiwe makubwa kuliko kitu chenyewe. Tangazo la DuckDuckGo hufungwa kwenye neno ulilotafuta, halifuati historia yako, na matangazo hayo huletwa na Microsoft. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kivinjari chao cha simu kilikuwa kinaruhusu vifuatiliaji (vipande vya programu vinavyorekodi nyendo zako mtandaoni) fulani vya Microsoft kutokana na mkataba wao, na Agosti mwaka huohuo wakapanua uzuiaji. Na kampuni ya simu inayokupa intaneti bado inaona tovuti unazokwenda, utumie injini gani.

Upande wa mawasiliano, DuckDuckGo wana kitu kidogo chenye manufaa: anwani ya duck.com. Unaipata kupitia kivinjari chao au nyongeza yao ya kivinjari, na barua ikitumwa huko hunyang'anywa vifuatiliaji vilivyofichwa ndani yake, kisha hupelekwa kwenye sanduku lako la kawaida. Unaweza kuzalisha anwani mpya kwa kila duka la mtandaoni, na likianza kukumwagia matangazo unaizima hiyo moja. Ubaya wake: baadhi ya tovuti huikataa anwani hiyo wakati wa kujisajili, na hakuna nywila, unaingia kwa maneno ya siri yanayotumwa kwenye sanduku lako halisi. Sanduku hilo likipotea, na anwani zote zimekwenda nalo. Usiitumie benki.

Kwa mikutano ya picha, kinachostahili nafasi ni Jitsi Meet. Brave Talk ni Jitsi hiyohiyo, inayopitia kampuni ya 8x8, ila anayeanzisha lazima awe na kivinjari cha Brave. Jitsi ilianza mwaka 2003 kama mradi wa Emil Ivov alipokuwa mwanafunzi Strasbourg, Ufaransa, na iko mikononi mwa 8x8 tangu 2018. Programu yake ni huria. Unafungua meet.jit.si, unaandika jina la chumba, unatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp, wageni wanaingia bila akaunti. Tangu Agosti 2023 mwenye kuanzisha chumba lazima aingie kwa akaunti ya Google, GitHub au Facebook. Kabla hajafanya hivyo wote wanabaki nje wakisubiri. Basi mwenyekiti awahi dakika tano.

Jina la chumba ndilo ufunguo. Kamati ya harusi ikijiita "harusi" isishangae kuona sura ngeni, kwa sababu yeyote aliyeandika neno hilo anatua humohumo. Andika kitu kama KamatiYaHarusi-mwembe47-kinu, kisha kwenye mipangilio ya usalama washa chumba cha kusubiria ili mwenyekiti amruhusu mmoja mmoja.

Sasa bando. Kwa mpangilio wake wa kawaida wa VP8 (namna ya kubana picha), Jitsi ina ngazi tatu za picha: kilobiti 200, 500 na 1,500 kwa sekunde. Saa nzima ya ngazi ya chini ni MB 90, ya kati MB 225, ya juu MB 675. Hiyo ni picha yako unayotuma. Sura za wenzako unazopokea zinaongezwa juu yake. Sauti peke yake, tukiihesabu kwa kilobiti 40, ni MB 18 kwa saa. Kikao cha watu kumi kinachoweza kwenda kwa sauti kiende kwa sauti, na njia rahisi ni kuongeza mkia huu kwenye kiungo kabla ya kukisambaza:

#config.startAudioOnly=true

Kila anayeingia kwa kiungo hicho kwenye kivinjari anaanza bila kutuma wala kupokea picha. Usiuchanganye na #config.startWithVideoMuted=true, ambao unazima kamera yake tu huku picha za wengine zikiendelea kumla bando. Herufi kubwa na ndogo zibaki kama zilivyo. WhatsApp wakati mwingine hukata kiungo kirefu kikivunjwa mstari, kwa hiyo kijaribu mwenyewe kabla ya kukituma.

Hitilafu zinazorudiwa ni zilezile. Mwangwi maana yake simu mbili ziko chumba kimoja na spika zimefunguliwa. Mtu asiyesikika kabisa, mara nyingi alibonyeza "kataa" kivinjari kilipoomba maikrofoni. Agonge alama iliyo kushoto mwa anwani juu, afungue ruhusa, apakie ukurasa upya. Simu kuchemka na picha kuganda husababishwa na kutazama sura zote kwa pamoja. Abadili mwonekano abaki na anayezungumza tu.

Shule, chama cha ushirika au kanisa lenye mtaalamu wake linaweza kujisimamishia Jitsi kwenye seva yake, na hapo ndipo unapokuwa na kisima chako hasa. Inakaa juu ya mfumo endeshi wa Debian au Ubuntu. GB 8 za RAM zinapendekezwa, GB 4 zinavumilika kwa vikao vidogo. Kwenye ukuta-moto, kile kichujio cha mawasiliano yanayoingia kwenye seva, fungua milango ya TCP 80 na 443, na UDP 10000. Huo wa mwisho ndio unaosahaulika, na dalili yake inachanganya: watu wawili wataongea safi kabisa, kwa sababu wawili huunganishwa moja kwa moja bila kupitia seva. Akiingia wa tatu, picha na sauti zinakatika kwa wote. Ukiona hivyo, usiguse kamera ya mtu wala kuwalaumu wenye mtandao wa simu. Nenda kwenye ukuta-moto wa seva, kisha ule wa kampuni uliyokodi seva kwake, maana mara nyingi umefunguliwa mmoja tu.