Wiki nane katika maabara ya mishipa ya damu: tathmini yangu

Juzi nimemaliza programu ya utafiti ya wiki nane kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, katika maabara ya fiziolojia inayochunguza mishipa ya damu. Naipa nyota nne kati ya tano.

Katika mazoezi ya darasani jibu hujulikana kabla hujavaa koti. Usipolipata, unaazima grafu ya jirani. Hapa nilipewa swali langu mwenyewe: je, vipande vya mshipa vilivyolala kwenye friji usiku kucha hulegea sawa na vilivyokatwa asubuhi hiyo? Swali dogo, lakini katika maabara ile hakuna aliyekuwa amelipima.

Kazi yenyewe ni hivi. Unakata aota ya panya, yaani mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, vipande vya milimita mbili hivi, kila kimoja kama pete, unakitundika kwenye kulabu mbili nyembamba ndani ya chombo cha kioo. Humo mna maji ya Krebs, yaani maji ya chumvi na sukari yanayofanana na ya mwilini, yenye nyuzi joto 37, yanayopulizwa oksijeni 95% na kaboni dioksidi 5%. Ukitia fenilefrini, pete inabana na mstari kwenye skrini unapanda. Ukitia asetilikolini, inalegea, mstari unashuka. Hata kuyachanganya maji hayo kuna utaratibu wake: kalsiamu hutiwa mwisho, gesi ikiwa imeshapita, la sivyo yanaingia ukungu mweupe na unaanza upya.

Wiki ya nne pete zangu ziligoma kulegea. Siku tatu nzima. Nilibadili dawa, nikapima chumvi upya, nikalaumu joto. Dada wa uzamivu aliyekuwa akinielekeza hakunipa jibu. Alivuta kiti, akasema, "Hebu kata moja nikuone." Nikakata. Akaniuliza, "Ncha ya koleo imepita wapi?"

Ilikuwa imepita ndani ya pete. Kila nilipoishika nilikuwa naikwangua endotheliamu, utando mwembamba wa seli uliotanda upande wa ndani, na bila utando huo asetilikolini haiulegezi mshipa. Robert Furchgott na John Zawadzki walichapisha jambo hilohilo mwaka 1980, na njia hiyo ndiyo iliyofika kwenye nitriki oksaidi, gesi ambayo utando huo huitoa ili mshipa ulegee, na Tuzo ya Nobel ya 1998, ambayo Furchgott aliipata pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad. Nilishaisoma habari hiyo na kuijibia mtihani. Siku ile ndiyo niliyoielewa. Kesho yake nikashika nyama ya nje tu, nikatia asetilikolini, na mstari ukashuka taratibu mbele ya macho yangu. Machozi yalinitoka.

Nyota iliyopungua ni ya wiki mbili za mwanzo. Hatukuambiwa mapema kwamba huruhusiwi kugusa mnyama mpaka umalize mafunzo ya maadili, na cheti changu kilitoka siku ya kumi. Sheria yenyewe naiunga mkono kwa moyo wote, maana panya aliyeuawa kwa jaribio lililoharibika amekufa bure. Lakini mafunzo hayo yangeweza kufanyika kabla hatujafika. Mwenzangu wa maabara ya jirani alipata shida zaidi: msimamizi wake alikuwa safarini, naye akamaliza wiki nane akibandika lebo kwenye mirija.

Posho ililipwa kwa wakati, na hilo si dogo kwa sisi tunaolazimika kufanya vibarua wakati wa likizo.

Ukiomba nafasi ya namna hii, usihangaike sana na mashine walizonazo. Uliza ni nani atakayekaa pembeni yako ukikwama, kwa jina, na kama atakuwepo wiki zote. Uliza pia kama swali litakuwa lako au utamsaidia mtu lake. Mimi nimeshaomba kurudi. Pete za friji nilizofanikiwa kupima ni sita tu, mbili kati yake hazikulegea kabisa, na bado sijajua kama ni friji au ni koleo langu.