Stripu za karatasi za kupima kolinesterasi: nimezitumia msimu mzima wa nyanya

Naanza na mzee mmoja wa Ngarenanyuki ambaye nusura nimtie hofu bure. Nilimchoma kidole, nikaweka tone la damu kwenye stripu inayoonyesha kama sumu ya dawa za wadudu imemwingia mtu mwilini, nikasubiri. Kifaa kikaleta namba isiyofika hata nusu ya ile niliyompima mwezi wa pili, kabla hajaanza kupulizia nyanya dawa. Mzee mwenyewe hana habari: hatoki jasho, hatoki mate, mboni za macho kawaida, ananitania. "Daktari, mbona umenuna?" (Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, lakini kule kila mwenye koti jeupe ni daktari.)

Nikamtazama kucha. Zilikuwa na utando wa rangi ya buluu. Asubuhi ile alikuwa amechanganya dawa kwenye ndoo kwa mkono, na mimi nilikuwa nimempangusa kwa pamba ya spiriti tu. Nikampeleka bombani, akanawa kwa sabuni mara mbili, nikachoma mkono wa pili, nikafuta tone la kwanza na kuchukua la pili. Safari hii alisoma karibu sawa na mwezi wa pili. Sumu ilikuwa juu ya ngozi. Ilijichanganya na lile tone na kukizima kolinesterasi, kimeng'enya kinachopimwa, palepale kwenye karatasi, wala mwilini mwake haikuwa imefanya hivyo. Karatasi ya maelekezo inasema "safisha kidole". Kwa wapulizia dawa, maneno hayo mawili hayatoshi kabisa.

Stripu hizi nilizipata kupitia rafiki yangu wa chuo anayeshughulika na vipimo vya bei nafuu, kwa hiyo msizitafute dukani, bado ni za majaribio. Alinipa makopo manne ya stripu 25 na kifaa cha kusomea, kidogo kama kiberiti, kinachochomekwa kwenye simu. Nimetumia 88. Nyingine zimeharibika, nitaeleza.

Kwa asiyejua: viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, kama profenofosi inayopigwa sana kwenye nyanya, hushika kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi na kukizuia kufanya kazi. Kimeng'enya hicho kipo cha aina mbili kwenye damu, kimoja juu ya seli nyekundu na kingine kwenye plazma. Stripu zangu hupima cha plazma. Ukiitazama kwa karibu ni karatasi ya kuchujia iliyochorwa kuta za nta ili damu isisambae ovyo. Juu kuna utando unaozuia seli nyekundu, chini kuna mistari mitatu, miwili myeusi ya kaboni na mmoja wa fedha. Ndani ya karatasi imekaushwa kemikali ambayo kimeng'enya huikata na kutoa thiokolini. Thiokolini ikigusa kaboni hutoa umeme mdogo sana, wa kupimwa kwa mikroampea, na huo ndio unaosomwa. Kimeng'enya kikiwa kimezimwa, umeme unakuwa hafifu. Mwenye sukari akiona kifaa hiki atakitambua mara moja, ni ndugu wa glukomita yake.

Njia tuliyoizoea maabara ni ya mwanasayansi Ellman, ya tangu 1961: rangi ya njano inayosomwa kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima ukali wa rangi, kwa mwanga wa nanomita 412. Ni njia nzuri, ila inataka damu ya mshipa, sentrifyuji (mashine ya kuzungusha damu ili plazma ijitenge), barafu, na mtu wa kuziwahisha chupa mjini. Sampuli 12 nilizipima kwa njia zote mbili. Namba hazikulingana, lakini mpangilio ulifanana: aliyekuwa chini huku alikuwa chini kule pia. Kwa kazi yangu hiyo inatosha.

Baridi ndiyo iliyonisumbua. Julai asubuhi chini ya Mlima Meru mikono inakufa ganzi, na kimeng'enya nacho hupunguza kasi. Wote niliowapima kabla ya saa mbili walitoka chini, wote! Nikajua si watu, ni hewa. Kifaa hakina kipimajoto. Siku hizi nazikumbatia stripu ndani ya koti nusu saa kabla ya kuanza, na napima kuanzia saa nne, kila siku saa ileile.

Unyevu ni mbaya zaidi. Kopo moja lilibaki wazi usiku kucha, na kesho yake nikajaribu tone la maji matupu. Stripu ikasoma kimeng'enya! Ile kemikali ilikuwa imeanza kuvunjika yenyewe. Kosa la namna hiyo hupandisha namba, maana yake aliyeumia ataambiwa yuko salama. Nikatupa stripu zote zilizobaki humo, na sasa kila kopo jipya naanza kwa tone la maji.

Nisiloweza kukubaliana nalo ni programu ya simu inayoandika "kawaida" au "chini" kwa kipimo kimoja tu. Watu wanatofautiana mno kwa asili, na kimeng'enya cha plazma hutengenezwa na ini, kwa hiyo mgonjwa wa ini au mjamzito anaweza kuwa chini bila kugusa dawa. Kule California mchanganyaji dawa hupimwa kwanza kabla ya msimu. Cha plazma kikishuka hadi asilimia 60 ya kipimo chake mwenyewe, anaondolewa kwenye dawa mpaka kirudi asilimia 80. Nimeifuata kanuni hiyo, kwa daftari la kawaida la mistari, jina na namba ya mwezi wa pili kushoto, nyingine zinafuata. Neno la programu silisomi.

Tena stripu haioni kila sumu. Mankozebu, dawa ya ukungu, na zile za wadudu za jamii ya pairethroidi hupita bila kuguswa, na wakulima wangu huzichanganya zote kwenye bomba moja la kupulizia. Dawa za kabameti, jamii nyingine inayokishika kimeng'enya hichohicho, nazo hukiachia haraka, ukichelewa unakuta namba imeshapanda.

Kati ya watu 31 niliowafuatilia, watatu walishuka chini ya asilimia 60 na kubaki huko hata baada ya kunawa. Mmoja ni dada asiyepulizia kabisa. Yeye hufua nguo za mumewe, kwa mikono. Bila stripu hizi nisingemchoma kidole, kwa sababu kwenye orodha ya wapulizia hakuwamo.

Nimeagiza makopo mawili mengine. Nimenunua na beseni, na sabuni ya mche.