Kamba, dirili au boksi: uzoefu wangu wa kuwasha injini ya nitro

Jumapili moja ya Januari, hapa Leicester, nilivuta kamba ya injini ndogo ya cc 3.5 ya kigari cha rimoti mpaka kiganja kikatoka lengelenge, na kigari hakikuwaka. Baridi ilikuwa nyuzi 3. Mwanangu alisimama pembeni na rimoti mkononi, glavu zimelowa, akisubiri. Mvuto wa mwisho kamba ilikwama katikati, nikaongeza nguvu, ikakatikia ndani ya kasha lake. Tukafunga vitu tukarudi nyumbani bila kukimbiza hata mzunguko mmoja.

Miaka mitatu imepita. Katika muda huo nimewasha injini za nitro, yaani hizi ndogo zinazotumia mafuta ya methanoli yaliyochanganywa na nitromethani, kwa kamba, kwa stata ya dirili, kwa stata ya umeme iliyofungwa kwenye injini yenyewe, na kwa boksi. Naandika kwa sababu swali la kwanza la kila anayeanza mchezo huu ni lile lile nililouliza mimi: ninunue cha kuwashia cha aina gani? Mimi jibu langu linaanzia kwenye plagi.

Tuanze na ile kamba. Injini nyingi za wanaoanza huja nayo kwa nyuma, na kwa macho ni kama ya jenereta dogo la nyumbani. Hapo ndipo watu wa kwetu tunapoponzwa, maana jenereta tumelizoea: unashika kwa mkono mzima, unavuta mpaka mwisho, unaachia. Ukiifanyia hivyo injini ya nitro, kamba yenyewe ni nyembamba na springi yake ni ndogo, haitamaliza mwezi. Mvuto wake ni mfupi, kama sentimita 25 hadi 30, wa haraka, halafu unairudisha kamba kwa mkono, usiiache irudi yenyewe kwa kishindo.

Lakini kamba yangu haikukatika kwa mvuto mrefu. Nilikuwa nimeziba tundu la ekzosi kwa kidole ili mafuta yapande kwenye kabureta. Njia hiyo ni sahihi, ila mivuto miwili mitatu inatosha. Ukiona mafuta yamefika kabureta kwenye ule mpira unaopitisha mwanga, unaacha. Mimi nilivuta mara kumi na zaidi. Mafuta yakajaa juu ya pistoni, na mafuta si hewa, hayabanwi. Pistoni ikipanda inakutana na kitu kisicho na pa kwenda. Kamba ikikwambia "hapa pagumu", inakwambia kweli. Dawa ni kufungua plagi, kukigeuza kigari injini itazame chini, kuweka kitambaa, kisha kuvuta mara kadhaa mpaka mafuta yatoke yote. Vaa miwani, yanaruka kwa nguvu. Na usifanye hayo karibu na moto wala sigara: sehemu kubwa ya mafuta haya ni methanoli, na moto wa methanoli mchana wa jua karibu hauonekani kwa macho. Ni sumu pia, kwa hiyo mikono inaoshwa kabla ya kugusa chakula.

Wiki iliyofuata, baada ya kununua kamba mpya, nilikwenda kwenye uwanja wa klabu na injini ikakataa tena. Mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa meza ya jirani akaniomba nimpe plagi yangu. Akaipachika kwenye kile kichomeo changu, yaani kifaa chenye betri cha kupasha plagi moto, akaiweka kivulini kwa mkono wake, akaniita niangalie. Ule waya mdogo uliojisokota ndani ulikuwa mwekundu wa kufifia, kama kaa la mkaa linalozimika. Akachukua kichomeo chake, akapachika plagi ile ile, na waya ukawaka rangi ya chungwa iliyoiva. Hakuongeza neno.

Kwa asiyejua: injini hizi hazina koili ya kurusha cheche kama pikipiki. Plagi yake ina waya wa platinamu. Unapowasha, unaupasha moto kwa betri ndogo ya volti 1.2 hadi 1.5, injini ikishaanza kunguruma, unaiondoa betri, na waya unaendelea kuwa mwekundu wenyewe kwa joto la mlipuko na kwa jinsi methanoli inavyoungua inapogusa platinamu. Kwa hiyo waya usipoiva mwanzoni, hata ukiizungusha injini kwa mashine ya kusaga haitawaka. Betri ya kichomeo changu ilikuwa imelala kwenye buti la gari usiku kucha kwenye baridi, na ilikuwa imechoka tangu zamani. Kamba ya watu nimeikata bure.

Ndiyo maana pesa ya kwanza naomba uitumie kununua kichomeo chenye mita. Changu kina sindano ndogo pembeni. Plagi nzima ikiwaka vizuri, sindano inasimama karibu na ampea 3. Plagi ikiwa imekatika ndani, sindano haisogei kabisa. Betri ikichoka, inapanda kidogo halafu inalegea. Kwa kuangalia hapo tu nimeokoa Jumapili nyingi kuliko kwa stata yoyote niliyowahi kununua, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote.

Baada ya kamba nilihamia stata ya dirili. Kampuni ya HPI kwenye malori yao ya rimoti ya Savage huiita Roto-Start: nyuma ya injini pana tundu, unaingiza fimbo ya pembe sita, unabonyeza kitufe, mota inazungusha kranki. Mkono haupati shida na springi ya kukatika haipo. Mimi nilinunua ya kampuni nyingine, ya bei ya chini, na kwa miezi minne ilifanya kazi vizuri. Kisha ikaanza kuzunguka bure: fimbo inazunguka, injini imetulia. Kilichochoka ni beringi ya upande mmoja, ile inayoshika ikizungushwa mbele na kuachia injini inapokimbia yenyewe. Mafuta ya injini yakijaa humo inateleza. Nikaitoa, nikaiosha kwa spiriti, nikaiwekea tone moja la mafuta mepesi, ikarudi. Baada ya wiki mbili ikateleza tena, nikanunua nyingine. Ukichagua njia hii, beringi hiyo iwepo kwenye mkoba wa spea kila wakati.

Ile ya umeme iliyofungwa kwenye injini sijaimiliki, nimeitumia kwenye Revo, lori la rimoti la rafiki yangu wa Mombasa. Ni mfumo wa kampuni ya Traxxas unaoitwa EZ-Start. Mkononi unashika kifaa chenye betri yake, unachomeka kwenye soketi ya kigari, unabonyeza kitufe kimoja: plagi inapashwa moto na mota inazungusha injini kwa wakati mmoja. Kuna taa zinazokuonyesha kama plagi na mota ziko salama. Kwa mtu anayecheza na watoto wake bustanini ni raha tupu. Mtoto wa rafiki yangu ana miaka tisa, anakiwasha mwenyewe baba yake akisimama karibu. Unachokosa ni wepesi, maana kigari kinabeba mota ya stata muda wote, hata inapokuwa haina kazi. Kwa hiyo kwenye mashindano ya bagi (vigari vya mbio) za kipimo cha 1:8 huoni mtu akija na stata mgongoni mwa injini. Wote wana boksi.

Na boksi ndilo nililobaki nalo. Nililinunua likiwa limetumika, pauni 40, na betri ya volti 12 ya kuwekea nilikuwa nayo. Ni sanduku la bapa lenye gurudumu la mpira linalochungulia juu. Chesi ya kigari ina tundu chini ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na kranki. Unakilaza kigari juu ya pini nne, unakikandamiza, gurudumu linagusa flaiwili, injini inazunguka. Hakuna kamba, hakuna beringi ya kuteleza, na kifuniko cha nyuma cha injini ni kizima bila tundu. Hilo la mwisho watu hulipuuza, lakini tundu la fimbo likianza kulegea linavuta hewa, na injini inayovuta hewa pasipostahili inakosa mafuta, inapata joto, huku wewe ukihangaika na skrubu za kabureta bila kuelewa.

Siku ya kwanza ilinichukua karibu saa nzima kuzipanga zile pini. Flaiwili lazima itue juu ya gurudumu katikati, si pembeni. Mimi nilipaka chaki kwenye flaiwili, nikakandamiza mara moja, nikaangalia gurudumu limechafuka wapi, nikasogeza pini milimita chache, nikarudia. Hakikisha pia boksi linazungusha injini kuelekea upande unaotakiwa. Ukitazama injini kutoka upande wa flaiwili, inazunguka kinyume na saa.

Sasa hatari yake, na hapa naomba usome taratibu. Kamba ina hisia, boksi halina. Injini ikijaa mafuta, kamba hukwama na mkono wako unajua. Boksi lina mota yenye nguvu ya kulazimisha, na kitakachopinda ni konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na kranki. Nimeiona ya mwenzangu ikiwa imepinda kama kijiko, injini haikuwa na hata galoni moja ya mafuta tangu itoke dukani. Kanuni yangu: kabla ya kuweka kigari kwenye boksi naizungusha flaiwili kwa kidole gumba. Ikivuka bila kugoma kama ukuta, naweka. Ikigoma na nina wasiwasi wa mafuta, plagi inatoka kwanza, boksi linazungusha injini tupu sekunde mbili tatu, kisha plagi inarudi.

Injini mpya nayo hugoma, lakini kwa sababu nyingine. Pistoni ni ya aluminiamu, slivu, yaani ule mrija ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni ya shaba iliyopakwa kromu, na kwa juu slivu imebanwa makusudi. Injini ikiwa baridi, pistoni hubanwa pale juu kabisa. Ikipata joto la kazi, slivu inatanuka na mambo yanakaa sawa. Kuilazimisha ikiwa baridi ni kuisaga kabla ya wakati. Kwa hali ya hewa ya huku natumia drayari ya nywele: naielekeza kwenye kichwa cha injini dakika kumi hivi, mpaka siwezi kukishika kwa vidole. Baada ya hapo injini ile ile iliyokuwa ikilia "kwiik" inazunguka laini. Nadhani kwa mtu wa Dar es Salaam au Muscat drayari haina kazi kubwa, labda kwa injini mpya tu. Kwa Januari ya Leicester, injini zangu zote hupita kwenye drayari.

Mafuta nayo yanachangia. Kwa sheria ya Uingereza mtu binafsi haruhusiwi kununua wala kukaa na mafuta yenye nitromethani zaidi ya asilimia 16 bila leseni ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo wengi wetu tunatumia hiyo hiyo 16. Inatosha, ila nitro ikipungua injini huwa nzito kidogo kuamka, na plagi inayochoka haisameheki. Na kopo lifungwe kila unapomimina, maana methanoli hunywa unyevu wa hewa. Wenzangu mnaoishi ukanda wa pwani mlitilie mkazo hilo kuliko mimi.

Jambo jingine hufanyika mwisho wa siku, lakini faida yake unaiona unapowasha safari inayofuata. Nikimaliza, naunguza mafuta yote yaliyobaki kwenye tangi, naweka matone machache ya mafuta ya kuhifadhia, kisha naigeuza flaiwili mpaka pistoni iwe chini kabisa. Nimeweka alama ya rangi nyeupe kwenye flaiwili ili nisibahatishe. Ukiacha pistoni juu, slivu inapoa na kujibana juu yake, na wiki inayofuata hakuna stata itakayokupenda.

Kama ungeniuliza leo: una lori kubwa la kuchezea na familia, chukua lenye stata ya umeme au ya dirili. Una bagi na unakwenda uwanjani kila wiki, nunua boksi, hata lililotumika, mradi mota na gurudumu viko salama. Umeshanunua injini ya kamba na pesa imeisha, usiitupe. Ivute kifupi, sikiliza mkono wako, nayo itakufundisha mambo ambayo mwenye boksi huyajua kwa kuvunja konrodi.

Injini yangu ya kwanza, ile ya kamba iliyokatika, ingali inafanya kazi. Niliitoa kasha la kamba nikaiwekea kifuniko kizima cha nyuma, baada ya kuhakikisha pini ya kranki haikigusi. Jumapili iliyopita mwanangu ndiye aliyekikandamiza kigari kwenye boksi. Aligusa flaiwili kwa kidole gumba kwanza, akaangalia sindano ya kichomeo, akasema, "Tatu, baba." Injini ikashika mara ya pili.