Miwani nyeusi ya kuzamia, mafuta ya zinki na masharubu yangu: baada ya misimu miwili ya kaskazi

Nina ualbino, nafuga ndevu, na kazi yangu iko Nungwi, Unguja, kwenye banda la kujazia mitungi ya wazamiaji. Miaka minne nilikaa na kompresa chini ya makuti, nawajazia wenzangu hewa ya mgandamizo wa baa 200 halafu nawatazama wakiondoka kwenda kisiwa cha Mnemba. Siku moja mwalimu wa pale kituoni akaniuliza, "Shekhe, mbona wewe hushuki?" Nikamwambia ni jua. Akasema, "Chini hakuna jua la kukuunguza, jua liko kwenye boti."

Alikuwa na haki, lakini hakujua kwamba mtu kama mimi jua humfuata hadi chini kwa njia ya mafuta aliyojipaka. Hilo nimejifunza kwa macho yangu mwenyewe, na ndilo linalonifanya niandike. Nilipokuwa natafuta miwani ya kunifaa sikupata neno hata moja kwa Kiswahili kwa mtu mwenye ngozi yangu na ndevu zangu.

Nasema miwani kama tunavyosema sisi na wavuvi wa pweza. Madukani utasikia maski. Ni kitu kile kile.

Niliyoanza nayo ilikuwa ya kuazima, ya silikoni inayopitisha mwanga. Asubuhi ile nilijipaka losheni uso mzima, mpaka kwenye paji, mashavuni na juu ya mdomo, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa tangu watoto: usiache hata upenyo. Tukashuka. Kufika mita 12 maji yakaanza kuingia chini ya pua, kidogo kidogo, kama pipa lenye ufa. Maji peke yake si shida, unabonyeza fremu kwa juu, unatazama juu, unapuliza kwa pua, yanatoka. Lakini haya yalikuwa maji ya chumvi yaliyochanganyika na losheni, yakapanda hadi machoni. Macho yangu tangu utotoni hayatulii na mwanga yanauchukia. Yakawaka. Nikapuliza, yakaingia mengine. Sikuweza kusoma geji ya hewa. Nilimshika mwalimu mkono, tukapanda taratibu, na zile dakika tatu za kusimama mita tano kwa usalama nilizimaliza nimefumba macho, nimeshika kifundo cha mkono wake. Nilimwamini na akanifikisha.

Jioni ile kila mtu pale kituoni alikuwa na dawa moja: nyoa ndevu. Sikunyoa. Kwangu ndevu ni sunna, na mzee wangu aliniusia nizitunze. Nikaamua nisome kwa vidole mahali hasa miwani inapokaa usoni.

Chukua miwani yoyote, iweke usoni bila kufunga mkanda, halafu pitisha kidole pembeni mwa ule mdomo laini wa silikoni. Utaona unapita kwenye paji, unateremka pembeni ya macho, unakata mashavu, unakutana juu ya mdomo, chini kidogo tu ya matundu ya pua. Kidevuni haufiki. Ndevu za kidevu, hata ziwe ndefu vipi, hazina kosa. Wenye kosa ni masharubu, pamoja na vile vinyweleo vinavyoota juu sana shavuni. Na sunna ile ile inayosema ndevu ziachwe ndiyo inayosema masharubu yapunguzwe. Nilikuwa nimeyaacha yamejaa kwa uvivu. Nilikata ukanda chini ya pua, upana wa njiti mbili za kiberiti, nikasafisha na mashavu kwa juu. Kidevu sikukigusa. Nikaenda na miwani ile ile ya kuazima, na maji yakapungua mpaka nikawa napuliza mara mbili tu kwa mzamo mzima.

Angalizo moja hapa: kata asubuhi ya kuzamia, au jana yake usiku. Ukipitisha siku mbili, vinyweleo vifupi vinasimama vigumu kama brashi na vinainua silikoni kuliko masharubu marefu yaliyolala. Nilijaribu zote mbili.

Sasa miwani niliyonunua. Nilikusanya shilingi 140,000, bila lenzi. Ni nyeusi pande zote, vioo viwili, chumba kidogo cha hewa, mdomo wa silikoni wa tabaka mbili na laini sana chini ya pua. Nimeitumia misimu miwili ya kaskazi na kipande cha kusi, na kwa mtu mwenye ualbino ningesema rangi nyeusi ndiyo jambo la kwanza, hata kabla ya ndevu. Silikoni nyeupe inaingiza mwanga kutoka ubavuni. Mwenye macho mazima anaipenda, anaona kama yuko sebuleni. Mimi mwanga ule unanigonga kutoka pembeni na wote unarudi kwenye kioo. Ndani ya nyeusi naona mbele tu, nimetulia, na macho hayachezi sana. Tena ile nyeupe, kwa jua na losheni, inageuka manjano.

Vioo viwili nilivichagua kwa sababu vinabadilishwa. Unatoa kioo cha kawaida, unaweka chenye namba. Zinapanda kwa nusu nusu, na mimi niliweka namba ya kasoro nne (-4) kila upande. Haziniponyi, uoni hafifu wa ualbino hauponi kwa lenzi, lakini namba za kompyuta ya kuzamia ninayoivaa mkononi sasa nazisoma nikiileta karibu na kioo. Maji nayo yanasaidia: chini ya maji kila kitu kinaonekana kikubwa kwa theluthi moja hivi na karibu kwa robo. Mara ya kwanza nilipomtambua kasa kwa macho yangu bila mtu kunionyesha ilikuwa huko. Nikiwa nchi kavu hujua kasa ni kasa kwa kuambiwa.

Chumba kidogo cha hewa nacho kina faida kwa mwenye ndevu. Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo unakuwa mara mbili ya juu ya maji na hewa iliyo ndani ya miwani inasinyaa nusu. Lazima uirudishe kwa kupuliza kidogo kwa pua, la sivyo miwani inakunyonya uso na unapanda na macho mekundu. Chumba kikiwa kidogo unapuliza kidogo. Na maji yakiingia, yanatolewa kwa pumzi moja, hewa ya mtungi haipotei bure.

Kasoro zake. Mkanda wake ni mwembamba na unavuta nywele. Nimeuvika kitambaa laini cha neopreni. Fremu inagusa juu ya pua yangu, na baada ya mizamo miwili inaacha alama nyekundu inayokaa mpaka magharibi. Na siku za mwanzo ilishika ukungu vibaya sana, mpaka nilipovisugua vioo kwa dawa ya meno kwa ndani, mara nne, kuondoa ule utando wa kiwandani. Ukiwa nayo mpya usiende baharini kabla ya kufanya hivyo.

Dukani usinunue kwa ule mtihani wa kuvuta pumzi peke yake. Karibu miwani yoyote itanata ukivuta kwa nguvu. Tazama dari, ilaze miwani usoni bila mkanda na bila kuvuta, kisha uulize mtu aliye pembeni kama anaona mwanya popote. Halafu weka mdomoni kile kipande cha regyuleta cha kupumulia, maana mdomo ukishika kitu mashavu hubadilika umbo. Halafu tabasamu. Ile mikunjo ya tabasamu ndiyo mifereji ya maji. Na ukishainunua, usikaze mkanda kwa hofu. Ukiukaza, silikoni inajikunja na kufungua njia. Mgandamizo wa bahari utaibana wenyewe.

Kwa ule upenyo mdogo unaobaki kwenye masharubu, napaka grisi ya silikoni, ile mafundi wanayopaka oringi, zile pete za mpira za mitungi. Kiasi cha punje ya mchele, nalaza nywele kwenda chini. Mafuta ya mgando msitumie, nawaomba. Yanaharibu mpira, na mafuta ya jamii ya petroli hayatakiwi karibu na vifaa vya hewa, hasa yenye oksijeni iliyoongezwa. Mafuta ya nazi nayo yasubiri mpaka urudi nyumbani, kwa sababu ukipaka ndevu asubuhi yanapanda kwenye kioo na silikoni inateleza.

Sasa jua, ambalo ndilo lililonikalisha bandani miaka minne.

Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta. Mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, na Machi ni kaskazi, bahari imetulia, maji meupe, kila mtu anataka kuzamia. Mzamo mmoja ni dakika 45 au 50. Kati ya mzamo na mzamo mnakaa kwenye boti kama saa nzima, mwili ukipumzika. Ongeza kwenda na kurudi. Kwa hesabu yangu, muda ninaokaa chini ya jua ni mrefu kuliko ninaokaa chini ya maji, na bahari inalirudisha jua kutoka chini hadi kwenye kidevu na ndani ya pua. Turubai la boti linazuia la juu tu.

Kwa hiyo kwanza nguo, mafuta baadaye. Nguo yenye UPF 50, yaani kipimo cha nguo cha kuzuia jua, inapitisha sehemu moja tu kati ya hamsini ya miale, na haifutiki na maji. Navaa ya mikono mirefu inayofika vidoleni, na kofia ya laikra ya kuvaa kichwani hadi shingoni yenye kuacha uso tu. Hiyo kofia ndiyo kitu bora nilichonunua kwa pesa ndogo. Masikio, kisogo, mstari wa nywele, vyote vimefunikwa. Ila ukingo wake usiingie chini ya silikoni ya miwani, hata uzi mmoja. Nauvuta nyuma kwa kidole mpaka nihisi silikoni inagusa ngozi tupu pande zote. Fulana nyeupe ya pamba isikudanganye: ikilowa, jua linapita kuliko ilivyokuwa kavu.

Nchi kavu, siku zote, natumia Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwa ajili yetu watu wenye ualbino. SPF yake, yaani kipimo cha losheni cha kuzuia jua, ni 30 na zaidi, na kwa ngozi yangu ni laini, hainiwashi. Nimekua nikiona jamaa zetu wakifika kwa daktari na vidonda vya saratani vilivyochelewa, kwa hiyo kila ninapoishika chupa ile nashukuru kwamba mtu alikaa akatufikiria. Ya baharini naongeza juu yake: mafuta mazito ya zinki oksaidi, meupe, yanayokaa juu ya ngozi kama chokaa. Kwenye chupa nahakikisha hakuna oksibenzoni wala oktinoksati, kemikali za kuzuia jua. Hawaii ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia kuuzwa losheni zenye vitu hivyo viwili, ikaanza kutumika 2021, na nchi ya Palau ilikwisha zuia 2020, kwa ajili ya matumbawe. Sisi tunaishi kwa matumbawe ya Mnemba, sioni kwa nini tusubiri sheria.

Na mpangilio ndio ulioniokoa macho. Najipaka nyumbani, nusu saa kabla ya boti, kiasi cha kijiko cha chai kwa uso na shingo. Ukijipaka kiduchu, namba iliyoandikwa kwenye chupa haikuhusu. Kwenye ndevu siipaki juu ya nywele, naingiza kwa ncha za vidole hadi kwenye ngozi, maana mpaka wa ndevu na shavu ndipo nilipokuwa naungua. Tukifika, nachukua kitambaa chenye maji na kufuta ule mstari wa silikoni peke yake: paji, pembeni ya macho, juu ya mdomo. Upana wa kidole kimoja. Hapo ngozi iwe tupu kabisa, itafunikwa na miwani dakika mbili baadaye. Tangu nianze kufuta mstari ule, macho hayajawaka tena hata mara moja.

Nikipanda tu, kabla ya kunywa maji, navaa chapeo pana na kanga ya mama shingoni, halafu naupaka tena ule mstari niliofuta. Hapo ndipo wengi wetu tunaungua, kwa sababu alama ya miwani inabaki nyekundu na unadhani ni mkandamizo kumbe ni jua. Midomo nayo, na migongo ya miguu. Nahodha wetu amezoea sasa, hunipisha upande wa kivuli bila kuombwa.

Je, ningeinunua tena miwani ile? Ndiyo, kwa bei ile ile. Lakini kifungo cha mkanda upande wa kulia kilipasuka mwezi uliopita, na duka nililonunulia halina kipuri, walitaka nichukue miwani mpya. Nimekata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, nimeupitisha kwenye fremu na kuufunga fundo mbili, kama wanavyofanya wavuvi wa pweza wa kwetu. Jana nimeshuka nao mita 16. Umeshika.